Kabla Utume Pesa, Omba Picha ya Nyuma ya Kaseti

Kuna sentensi moja ambayo imekula pesa za vijana wengi kwa hizi grupu za kuuza gemu za zamani. Sentensi yenyewe ni fupi: "Si inacheza?" Unamuuliza muuzaji kama kaseti ni orijino, anakujibu si inacheza. Unaomba picha ya nyuma, anakutumia video ya skrini ikiwaka. Unauliza tena, anakuuliza kama unanunua ama unafanya utafiti. Na kwa sababu hiyo gemu umeitafuta miezi mitatu, na kuna msee mwingine ameshaandika kwamba anaitaka, unatuma pesa.

Msimamo wangu ni huu, na nimeubeba muda mrefu: kucheza si ushahidi wa chochote. Feki pia inacheza. Ushahidi ni zile namba za kiwandani zilizoandikwa kwa lebo, zilizogandamizwa kwa karatasi, zilizochapwa kwa bodi na juu ya chipu. Muuzaji akikataa kukuonyesha namba, huyo tayari amekujibu.

Na nikisema kaseti, namaanisha ile kitu wengine wanaita katriji, kipande cha plastiki cha kuchomeka kwa mashine. Mtaani kwetu ilikuwa kaseti, na sitaanza kujifanya leo.

Kitu kinanishangaza ni kwamba sisi Wakenya si watu wa kubebwa na rangi. Mzee akienda kuona Probox, kabla hata injini iwashwe anataka kujua kama namba ya chasisi inafanana na ile ya logibuku. Ukinunua simu ya mkono wa pili unabonyeza *#06# usome IMEI, halafu unalinganisha na ile ya boksi. Mama mboga mwenyewe anageuza noti ya elfu kwa mwanga kabla aiweke kwa aproni. Lakini ikifika kaseti ya Pokémon ya bei ya kodi ya bedsita, ghafla tunakuwa watu wa imani.

Basi tuanze na namba ya mbele, ile ndogo kabisa kwa kona ya lebo ambayo watu wengi hawajawahi kuisoma. Chukua Pokémon Emerald ya Game Boy Advance, kwa sababu hiyo ndiyo gemu inaigwa sana na ndiyo kila mtu anataka. Ile ya Marekani imeandikwa AGB-BPEE-USA. Si herufi za kubahatisha. AGB ni jina la kiwandani la mashine yenyewe, Game Boy Advance. BPE ni kitambulisho cha gemu. E ya mwisho inaonyesha ni toleo la Kiingereza la soko la Marekani. USA ni mahali ilikotengenezewa kuuzwa. Ile ya Japani hapo katikati ni BPEJ, na ya Kijerumani ni BPED. Ukipata lebo yenye maandishi ya Kiingereza lakini namba inaishia na J, mtu alikuwa na haraka.

Kila mashine ina herufi zake. Game Boy ya kwanza, ile ya 1989, ni DMG. Game Boy Color ni CGB. Nintendo 64 ni NUS. Super Nintendo ya Marekani ni SNS. Famicom, ile mashine ya Japani ya 1983 ambayo ni babu wa hizi zote, ni HVC. Ukishajua hizo, lebo inaanza kusomeka kama namba ya gari. Pokémon Red ni DMG-APAE-USA, Blue ni DMG-APEE-USA. Tofauti ni herufi moja tu, A na E, na ndiyo maana mtu wa kuprinti lebo feki usiku anaeza kubandika namba ya moja kwa nyingine. Ruby ni AGB-AXVE-USA, Sapphire ni AGB-AXPE-USA, FireRed ni AGB-BPRE-USA, LeafGreen ni AGB-BPGE-USA. Ziandike kwa simu yako sasa hivi. Itakuchukua dakika moja.

Lakini namba ya wino ndiyo rahisi kuiga. Printa yoyote inaiandika. Ndiyo maana mimi huenda kwa namba ya pili, ile isiyo na wino kabisa. Kwa kaseti orijino za Game Boy, Color na Advance, lebo imegandamizwa namba ndogo ya tarakimu mbili, wakati mwingine na herufi moja nyuma yake. Huwezi kuiona ukiangalia moja kwa moja. Inamisha kaseti, washa tochi ya simu pembeni, na karatasi itakuonyesha kovu: 22, ama 22A, kitu kama hiyo. Feki nyingi hazina, kwa sababu inahitaji mtu apitishe lebo kwa kifaa cha kugandamiza, na mtu wa kuuza kopi za bei ya jioni hana muda huo. Hii ndiyo maana naomba picha ya lebo ikiwa imeinamishwa, si ile picha nzuri ya mbele yenye kitambaa cheusi nyuma.

Na usidhani hiyo herufi ndogo ni urembo. Kuna kaseti ambapo hiyo herufi peke yake inakuambia uko na gemu gani mkononi. The Legend of Zelda: Ocarina of Time ilitoka kwa Nintendo 64 mwezi wa 11 mwaka 1998, na kaseti za Marekani zilitengenezwa kwa matoleo matatu. Kwa nje ni gemu moja, jina moja. Tofauti unaikuta kwa lebo ya nyuma. Namba ya kugandamizwa isipokuwa na herufi, hilo ni toleo la kwanza. Ikiwa na A, la pili. Ikiwa na B, la tatu. Sasa cheza Hekalu la Moto. Kwa matoleo ya mapema, muziki wa pale ndani una sauti za kisomo cha Kiislamu zimechanganywa chini ya ala. Baadaye Nintendo waliziondoa. Na Ganondorf mwishoni kabisa, damu yake ilikuwa nyekundu. Kwa toleo la tatu ni kijani. Wale jamaa wa kumaliza gemu kwa mbio wanalitafuta toleo la kwanza kwa sababu lina makosa ya programu ambayo walijifunza kuyatumia kama njia ya mkato.

Fikiria hiyo kidogo. Mtu anayetoka Mombasa ama Lamu anaeza kutaka kusikia huo muziki wa kwanza kwa masikio yake, ajue kwa nini uliondolewa, aamue mwenyewe anaonaje. Hiyo ni historia. Na inategemea herufi moja isiyo na wino nyuma ya plastiki ya kijivu. Muuzaji akikuambia "Zelda ni Zelda", yeye ndiye hajui anachouza.

(Hiyo kaseti ina kitu kingine napenda sana. Namba yake ni NUS-CZLE-USA. Gemu nyingi za Nintendo 64 zinaanza na N hapo katikati, kwa mfano Super Mario 64 ni NSME. Zelda inaanza na C kwa sababu iliandaliwa ili ikubali kuunganishwa na 64DD, kifaa cha diski ambacho kilitoka Japani pekee, mwisho wa 1999, na hakikuishi sana. Kwa hivyo kila Ocarina ya Marekani imebeba kwa lebo yake alama ya mpango uliokufa. Sijui kwa nini hilo hunifurahisha hivyo, lakini hunifurahisha.)

Sasa nije kwa binamu yangu, kwa sababu bila yeye hii yote ni maneno tu.

Ako na miaka 17, anakaa Nakuru, na mwaka jana aliweka pesa za kuosha magari wikendi mpaka akafikisha shilingi 7,000. Akanunua Emerald kwa mtu ambaye sitamtaja. Hakuniuliza, na si lazima aniulize, pesa ni zake. Akacheza wiki tatu. Alikuwa amefika Elite Four, timu yake ameipa majina ya wachezaji wa Gor Mahia, kila siku ananitumia picha. Asubuhi moja akawasha mashine na kukuta hakuna kitu cha kuendelea nacho. Gemu mpya. Saa zake zote, zaidi ya arobaini, zimefutika kama ubao wa darasa. Akampigia muuzaji, na muuzaji akamwambia, nyinyi mnajua alisema nini: "Si ilikuwa inacheza?" Halafu akaongeza kwamba hizo kaseti ni za zamani, betri huisha, ni kawaida.

Hapo kwa betri ndipo nilijua. Emerald orijino ina betri, ndiyo, ile ya duara ya CR1616. Lakini betri hiyo ni ya saa tu. Sevu yenyewe inakaa kwa chipu ya flashi, ambayo haihitaji umeme kukumbuka. Betri ya orijino ikiisha, gemu inakuambia wazi mwanzoni kwamba betri imekauka, kwamba unaeza kuendelea kucheza, ila mambo yanayotegemea saa hayatatokea tena. Sevu yako iko pale pale. Kwa hivyo mtu akikuuzia Emerald na akuambie sevu imepotea juu ya betri, amekiri bila kujua. Kopi nyingi za bei rahisi ndizo zinashikilia sevu kwa betri, tena betri ya kubahatisha, na siku ikilegea unaanza upya.

Kwa gemu zingine hadithi ni tofauti, na lazima niseme ili usimwonee mtu. Pokémon Red na Blue orijino zinategemea betri kushika sevu. Gold na Silver pia, na zenyewe zina saa ndani ambayo inakula betri haraka zaidi. Kaseti hizo zina zaidi ya miaka ishirini. Ikipoteza sevu, haimaanishi ni feki. Fundi anayejua kushika chuma cha kulehemu atabadilisha betri na maisha yaendelee. FireRed haina betri kabisa, kwa hivyo hapo hakuna wa kusingizia.

Tulifungua hiyo kaseti ya binamu yangu siku alipokuja Nairobi. Skrubu yake ilikuwa ya miguu mitatu, kama nyota ya Mercedes, na hiyo ni sawa kwa kaseti za Advance. Za Game Boy ya zamani zinataka bisibisi ya mdomo wa shimo wa milimita 3.8. Kwa lebo, namba ilikuwa sahihi herufi kwa herufi: AGB-BPEE-USA. Waliiga vizuri. Lakini hakukuwa na namba ya kugandamizwa, tuliinamisha mpaka shingo zikauma. Na kwa bodi, pale chini karibu na yale meno ya rangi ya dhahabu, panapofaa kuwa na jina Nintendo limechapwa, palikuwa kijani tupu. Hiyo ya bodi hata huhitaji kufungua, unamulika tochi kwa uwazi wa chini na unaisoma. Ndani, chipu kubwa ilikuwa imekwaruzwa juu. Hakuna jina la kampuni, hakuna namba, hakuna tarehe. Mtu alichukua muda kufuta. Binamu yangu aliiangalia tu, halafu akauliza kama bado tunaeza kuirudisha ndani na kuifunga, kwa sababu dada yake mdogo anapenda kuicheza.

Mtu anaeza kusema, lakini skrini ilionyesha Nintendo ikiwaka, kwa hivyo lazima iwe halali. Hii nayo nataka niimalize leo. Kwa Game Boy, ile nembo inayoteremka polepole ukiwasha haitoki kwa mashine. Inasomwa kutoka kwa kaseti. Mashine ina nakala yake ndani, inalinganisha, na zisipofanana inakataa kuanza. Nintendo walifanya hivyo makusudi: mtu akitaka gemu yake ianze, lazima aweke nembo yao ndani, na hapo wana njia ya kumpeleka kortini kwa kutumia alama yao. Maana yake ni kwamba kila feki inayofanya kazi imebeba nembo ya Nintendo. Lazima. Bila hiyo isingewaka. Kwa hivyo ile video ya nembo ambayo muuzaji anakutumia kwa kujiamini inathibitisha tu kwamba mwigaji alijua kazi yake. Ndiyo maana pia meno yakiwa machafu unaona mstatili mweusi ama vitu vimechanganyikana pale pa nembo: mashine inasoma vibaya. Na tafadhali wacha kupuliza. Wote tulipuliza, najua, lakini mate ni unyevu na unyevu unakula chuma. Tumia spiriti na pamba ya masikio.

Tukirudi ndani ya kaseti orijino, hapo ndipo namba zinaanza kuongea zenyewe kwa zenyewe. Chipu ya gemu ina jina lake limechapwa juu, kwa mfano DMG-APAE-0 kwa Pokémon Red. Unaona inafanana na lebo, ila mwisho badala ya nchi kuna tarakimu. Hiyo 0 ni toleo la programu. Ikirekebishwa inakuwa 1. Halafu kuna namba ya tarakimu nne ambayo watengenezaji wengi wa chipu huitumia: mbili za kwanza ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. 9838 ni wiki ya 38 ya mwaka 1998. Pokémon Red na Blue ziliingia Marekani tarehe 28 Septemba 1998, kwa hivyo chipu ya namna hiyo ingekuwa imetoka kiwandani wakati ule ule. Angalia na chipu ndogo za pembeni. Zinaeza kupishana wiki kadhaa, hata miezi, hiyo ni stoo ya kiwanda. Kanuni ni moja: kaseti haiwezi kuwa na umri kuliko chipu yake changa zaidi. Huwezi kuoka mkate kabla unga usagwe. Ukikuta Pokémon Red ya "1998" na ndani kuna chipu ya 2014, hakuna maelezo ya muuzaji yatakayorudisha kalenda nyuma.

Ndiyo maana sisemi namba moja inatosha. Lebo ya kweli inaeza kung'olewa kwa gemu ya bei ya chini. Kaseti ya kweli inaeza kubandikwa lebo mpya kwa sababu ile ya zamani ililiwa na unyevu, na hapo utakosa namba ya kugandamizwa ingawa bodi ni halali. Unataka lebo, bodi na chipu zikubaliane, kama mashahidi watatu waliohojiwa vyumba tofauti.

Sasa kuna watu wataniambia najifanya mzungu. "Wewe ulikulia kaseti gani orijino?" Hakuna! Hata moja. Nilikulia zile TV game za kuiga Famicom, na kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999999 ndani. Mnakumbuka. Unafungua orodha, gemu ya 1 ni Mario, gemu ya 37 ni Mario ameanzia hatua ya tatu, gemu ya 112 ni Contra yenye maisha thelathini, halafu bunduki ya bata, halafu Mario tena na jina lingine. Ukifungua hiyo kaseti hupati chipu yenye jina. Unapata bodi nyembamba na tone jeusi la gundi ngumu limefunika kila kitu, kama lami iliyodondoka. Hakuna namba ya kusoma kwa sababu hakuna aliyetaka ujue imetoka wapi. Hata Famicom yenyewe haikuwa na ile chipu ya kufuli ambayo Nintendo waliiweka kwa NES ya Marekani kuzuia kaseti zisizo na ruhusa, na meno yake ni 60 badala ya 72, kwa hivyo waigaji walipata mlango wazi. Bila wao, watoto wa mitaa mingi ya Nairobi wasingewahi kumshika Mario. Sina aibu na hiyo kaseti ya njano hata kidogo, na ukiwa nayo nitainunua.

Lakini angalia tofauti. Kaseti ya njano haikunidanganya. Sawa, ilidanganya kuhusu hizo gemu milioni kumi, lakini hakuna mtu aliyeniuzia akisema ni Famicom ya Kyoto. Bei ilikuwa bei ya kopi, na mama alilipa bei ya kopi. Kwa hivyo sina shida na mtu anayetengeneza kopi leo na kuandika wazi kwamba ni kopi, shilingi 1,500, chukua ama wacha. Kuna gemu ambazo hazikuwahi kutoka kwa Kiingereza, watu wamezitafsiri wenyewe kwa mapenzi, na kopi ndiyo njia pekee ya kuzicheza kwa mashine ya kweli. Safi. Shida yangu ni ile kopi ya 1,500 inayouzwa 7,000 kwa mtoto aliyeosha magari. Hapo bidhaa iliyouzwa si gemu tena. Ni uongo.

Na hiyo pesa ya juu haitoki hewani. Mwaka 2021 boksi la Super Mario 64 ambalo halijawahi kufunguliwa liliuzwa kwa mnada Marekani kwa dola milioni 1.56. Hilo halihusiani na mimi na wewe, hatutawahi kuingia chumba hicho. Lakini habari kama hizo zinashuka. Mtu anasikia, anapandisha bei ya kila plastiki ya kijivu nyumbani kwake, na nyuma yake anakuja mwigaji ambaye sasa ana sababu ya kuiga vizuri zaidi. Kadiri bei inavyopanda ndivyo namba zinavyozidi kuwa na kazi.

Kwa wauzaji, na najua kuna kadhaa wanasoma hapa, sioni kwa nini tusikubaliane. Orijino yako inakufaidi zaidi ukipiga picha ya namba kuliko ukipiga stori. Weka lebo ya mbele isomeke. Inamisha, piga tena. Mulika meno. Kama una bisibisi, fungua mara moja na uhifadhi picha ya bodi, utaitumia kwa kila mteja. Kama ni kopi, sema ni kopi kwa mstari wa kwanza, si baada ya mtu kulalamika. Na kama wewe mwenyewe ulinunua bila kujua, sasa namba unazijua, kwa hivyo kabla umpitishie mtu mwingine, angalia.

Kwa wanunuzi, huu hapa ujumbe. Unakili ulivyo:

"Sasa boss, naitaka kaseti na pesa iko tayari. Nitumie picha nne: lebo ya mbele namba ya kona ikisomeka, lebo imeinamishwa na tochi pembeni nione namba ya kugandamizwa, meno ya chini na maandishi ya bodi, na kama inafunguka, chipu zote kwa karibu. Na uniambie kama betri ilibadilishwa. Nikiziona nalipa leo."

Akikutumia zote nne na zikubaliane, lipa, na usianze kumwomba punguzo la ujinga. Akikuuliza si inacheza, mwambie unajua inacheza, unataka kujua inaitwa nani.